Tawi la Kupumulia

Bwana Shamba alikuwa hanywi kahawa. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu juu ya Tengeru kila mtu alilijua na kila mtu alimcheka nalo. Zaidi ya miaka ishirini amekata na kutunza kahawa za wenzake, lakini ukimpelekea kikombe anakipokea kwa mikono miwili, anakinusa, halafu anakirudisha kwenye sinia.

"Mama Anna, niletee maji ya moto tu, na tangawizi kama ipo."

Mke wangu alimuuliza siku moja sababu. Akamjibu, "Umewahi kumwona daktari wa meno akitafuna meno ya watu?" Ndilo jibu alilotoa, na hakucheka alipolitoa.

Jina lake ninalijua lakini sitaliandika. Hata serikali ilipomstaafisha tuliendelea kumwita Bwana Shamba, na watoto wetu wakafuata, nafikiri wapo waliodhani ndilo alilobatizwa nalo. Alizaliwa wapi na nani, nayo naacha. Alitokea upande wa Kilimanjaro akiwa kijana, akahamishiwa huku, akabaki. Nitakayoyasema ni niliyoyaona kwa macho yangu, na moja nililolifanya kwa mkono wangu. Hilo moja ndilo limenikalisha hapa na kalamu, mimi mtu wa darasa la nne. Mjukuu wangu alitaka anirekebishie sentensi nikamkatalia. Zibaki zilivyo.

Kofia yake kwanza. Ilikuwa kofia ya sufu, ya kijivu, ukingo umechakaa mpaka unaona mwanga kwa ndani. Hakuivaa kwa jua wala kwa mvua. Ilikuwa kipimo. Akimaliza kukata matawi ya mbuni mmoja, anarudi nyuma hatua tatu, anaivua, anairusha katikati ya mti. Ikipita ikaangukia upande wa pili, kazi imekwisha. Ikinasa, anaifuata, anatazama ni tawi gani limeikamata, analikata hilo, anarusha tena. Mwenye shamba mgeni alidhani mzee amechanganyikiwa. Sisi tuliozoea tulikuwa tunawekeana dau itanasa au itapita. Mimi nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda.

Kabla ya kukata aliuzunguka mti. Anauzunguka, anauzunguka tena, mpaka wewe mwenye shamba unachoka na kutafuta pa kukaa. Halafu anakuuliza, "Umekula?" Ukisema bado, hakupi mkasi. Alikuwa na imani hiyo, kwamba mtu mwenye njaa anakata kwa hasira. Nilimwambia hiyo si elimu ya kilimo. Akasema, "Hapana, hiyo sikufundishwa chuoni. Hiyo nilifundishwa na mashamba yenu."

Alikuwa mkali. Mwenyekiti wetu mmoja wa mtaa aling'oa kahawa zote akapanda maharage, na Bwana Shamba hakumpa mkono miaka miwili. Msibani, harusini, hampi. Anamsalimia vizuri kwa mdomo, mikono ameweka nyuma. Lakini mtu huyohuyo mkali alikuwa mwongo kwa akina mama. Kila mama aliambiwa kahawa yake ndiyo nzuri kuliko zote za mlima huu. Mke wangu alijivunia hilo muda mrefu, mpaka siku moja akiwa kwa jirani wanakula loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, akamsikia jirani naye anajivunia maneno yaleyale, neno kwa neno. Walimngoja njiani, wakamsimamisha wawili.

"Bwana Shamba, ipi nzuri sasa, ya kwangu au ya huyu?"

Akawatazama. "Ya yule ambaye hajanisimamisha," akasema, akapita.

Kanisani alifika mahubiri yameshaanza na akakaa benchi la mwisho, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na havikutakata hata kwa sabuni. Sasa nenda nyumbani kwake ukashangae. Mtu aliyekata mlima mzima alikuwa na mibuni mitatu mlangoni ambayo ilikuwa kichaka. Matawi yamesongamana, mengine yamelala chini, kuku wanatagia humo. Ilipandwa na marehemu mke wake. Nilimwuliza kwa nini haikati, akaniambia, "Hiyo si ya kwangu." Sikumwelewa. Nilikuwa mtu wa kuelewa polepole vitu vya namna hiyo.

Maana nani alinifundisha? Mimi nilianza kwa kubeba matofali Sombetini, wakati huo nyumba zinahesabika na barabara ni vumbi. Nikawa fundi, nikawa na lori la mchanga, nikawa na la pili. Nikarudi mlimani kwenye kiwanja cha baba yangu nikajenga nyumba ya vigae. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa kujivuna, sijaacha kujivuna. Kitu pekee nilichoachiwa na baba ni mibuni arobaini nyuma ya nyumba, na ilikuwa imezeeka kama mwenyewe alivyokuwa wakati anakufa: mirefu, mikavu juu, inazaa punje za kuhesabu.

Ndiyo maana nilimwita Bwana Shamba. Ilikuwa mwisho wa Januari, mavuno yamekwisha. Akazunguka. Akauliza kama nimekula. Halafu akasema, "Hii haipogolewi. Hii inakatwa chini, ianze upya."

"Chini wapi?"

Akajigusa goti.

Nikasita, maana baba aliipanda mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Akaniambia mizizi bado ni kijana, juu tu ndiko kulikozeeka. Nikakubali. Akafanya kazi siku mbili kwa msumeno, kila kisiki amekikata mshazari ili maji yasilale juu yake. Na katika kila mti aliacha tawi moja. Moja tu, jembamba, lenye majani, limesimama pembeni ya kisiki kama unywele mmoja kichwani kwa mtu mwenye upara.

"Hili ni la nini?" nikamwuliza.

"Ni tawi la kupumulia. Mti huu umekatwa kichwa chote. Hauna jani, hauna cha kula. Hili linaulisha mpaka machipukizi yapate nguvu. Ukilikata sasa, na jua hili la Februari, kisiki kinakufa. Usiliguse mpaka nije mwenyewe."

Akatoa mfukoni vitambaa vyekundu, vipande virefu vyembamba, akafunga kimoja kwenye kila tawi ili mtu asisahau. Alivipata kwa binti yake, fundi cherehani. Miti arobaini, vitambaa arobaini. Jioni ile upepo ulivipeperusha vyote na Mama Anna akasema uwanja umependeza.

Sasa nifike nisipotaka kufika.

Wiki mbili baadaye ilikuwa sendofu ya Anna, sherehe ya kumuaga binti yetu wa kwanza anayeolewa. Tuliiwahisha kabla ya Kwaresma. Wakwe walikuwa wanatoka Kilimanjaro, watu wa kanisa hasa, baba mkwe mzee wa usharika, mama mkwe mwalimu wa shule ya Jumapili, watu ambao wakikaa wanakaa wima. Mahema yalitakiwa kufungwa nyuma ya nyumba, mbele ya mibuni. Nilitaka waone nimefika wapi. Nimepaka nyumba rangi, nimemwaga kokoto njiani, nimekodi viti vyenye vitambaa vyeupe. Asubuhi ya siku yenyewe, saa kumi na mbili, nikatoka nje na kikombe changu, nikatazama.

Visiki arobaini. Kila kisiki na kijiti kimoja. Kila kijiti na kitambaa chekundu.

Nikajiona mimi ni baba mkwe. Nimefika kwa watu nisiowajua, mwanangu anaoa hapa, naona nyuma ya nyumba miti imekatwa vichwa na imefungwa vitambaa vyekundu. Ningefikiri nini? Ningefikiri hapa kuna mganga. Ningemwambia mke wangu kwa Kichaga, tusile.

Nikachukua panga.

Mama Anna alikuwa jikoni nje, anawasha moto wa kuchemshia maji. "Baba Anna," akasema, "si alisema yasiguswe?"

"Amesema yeye. Wageni ni wake au wangu?"

"Basi fungua vitambaa tu, matawi uyaache."

Maneno hayo nayasikia mpaka leo, kwa sababu yalikuwa sahihi na yalikuwa rahisi. Vifungo vyenyewe vilikuwa vya kufunguka kwa vidole viwili. Lakini kile kijiti kimoja kilikuwa kinaniudhi hata bila kitambaa. Kilikuwa hakina nidhamu. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba kwa timazi, nikitazama kitu kimesimama pembeni peke yake mkono unawasha. Nikakata. Panga lilikuwa kali, kila kimoja pigo moja. Nikavikusanya na vitambaa vyake nikavitupa kwenye moto wa mke wangu, akainuka akaingia ndani.

Mibuni miwili ilikuwa nyuma ya banda la kuku. Huko mgeni hafiki. Nikaiacha, si kwa huruma, nilikuwa nimechoka na nilikuwa sijala.

Sherehe ilikwenda vizuri. Baba mkwe alisifia kokoto.

Februari ile ikawaka. Bwana Shamba alikuja mwanzoni mwa Machi, kabla ya mvua, kuangalia machipukizi. Mimi nilikuwa kibarazani. Sikushuka. Nilimwona anaingia, anasimama, halafu anaanza kuzunguka kisiki cha kwanza kama alivyozoea. Akachuchumaa. Akapitisha kidole mahali panga lilipopita, maana jeraha la panga si kama la msumeno, hata mtoto angeona. Akakwaruza ganda kwa ukucha. Ndani palikuwa kahawia, pakavu. Akaenda cha pili, cha tatu, akavimaliza vyote. Akaingia nyuma ya banda la kuku, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Habari za wageni?" akaniuliza.

"Walifurahi."

"Na Anna?"

"Anna yuko salama, ameshaondoka."

"Mungu awabariki," akasema, akavaa kofia yake, akashuka zake. Hakuomba hata maji.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga mtu unausimulia mwenyewe watu wakacheka. Lakini wiki ile kulikuwa na mkutano wa wakulima wa kahawa wa eneo letu. Ajenda ilikuwa kahawa kuukuu. Walitaka Bwana Shamba apite shamba kwa shamba akate na kufundisha, mlima mzima, msimu hadi msimu. Kwa mstaafu kama yeye hiyo ilikuwa ni kuzaliwa tena. Alikuwa amekaa mbele, siku hiyo hakuchelewa, amevaa shati jeupe.

Mtu mmoja wa nyuma, mpenda utani, akanipigia kelele. "Mzee, tumesikia za kwako zimekauka. Au ulizimwagilia bia za sendofu?"

Ukumbi ukacheka. Mimi sichekwi. Nikasimama. Nilikuwa na maneno mawili kinywani, ya kweli na haya mengine, na haya mengine yalitoka kwanza.

"Mibuni ya baba yangu imekufa," nikasema. "Na aliyeikata ni huyo hapo mbele. Muulizeni."

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia. Yeye akasimama taratibu, ameshika kofia kwa mikono miwili, akanitazama mimi, si wao. Nilijua anachokijua. Nilingoja aseme.

"Ni kweli," akasema. "Niliikata mimi."

Akakaa.

Hawakumpa kazi. Na si hiyo tu. Hata waliomwita kila mwaka wakaacha kumwita. Nani atamruhusu mtu akate kahawa ya urithi baada ya kusikia ya mwenzake imekufa? Ule mkasi ukakaa. Nilimwona mwaka mmoja hivi akipita barabarani na kofia kichwani, ameivaa kama watu wanavyovaa kofia, na hilo liliniuma kuliko yote. Halafu akauza kibanda chake akashuka mjini kuishi na binti yake, na mibuni ile mitatu ya mke wake mnunuzi akaifyeka akajenga choo.

Mimi? Niliweka uzio wa mabati kuzunguka banda la kuku. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya vicheche. Nyuma yake ile miwili ilichipua, ikanyooka, ikazaa. Inazaa mpaka matawi yanainama. Kila mwaka Mama Anna anaichuma peke yake, anakaanga, anatwanga, ananiwekea kikombe mezani bila neno. Miaka mitano nimeinywa.

Mwaka huu mwezi wa kwanza alivunja kimya. Alikuwa amefunga mkungu wa ndizi na mfuko wa tangawizi.

"Bwana Shamba haoni tena," akasema. "Macho yote mawili. Anakaa na binti yake Sombetini. Mpelekee hivi. Na kile kingine unakijua mwenyewe."

"Kipi?"

"Baba Anna, mimi ni mzee kama wewe. Usinifanye mtoto."

Nikashuka. Sombetini niliyoijengea matofali sikuijua tena, nyumba zimebanana. Niliuliza fundi anayeshona majoho ya kwaya, nikaonyeshwa. Uani palikuwa na cherehani chini ya bati, na Bwana Shamba kwenye kiti pembeni ya ukuta, amekonda, kofia iko gotini. Nikakohoa tu.

"Huyo ni mtu wa mibuni arobaini," akasema.

Binti akasimama, mama wa makamo, sindano ziko kifuani. Alinijua. Akainama kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Karibu sana. Kwa kweli hatukutegemea. Mimi siku zote nimekuwa nikisema, siku moja niende mwenyewe mlimani nikuombe radhi kwa ile miti ya marehemu babu. Baba alikosea. Uzee ulikuwa umeshaanza kumwingia. Utusamehe."

Nikaganda na ndizi begani. Nikamtazama Bwana Shamba. Uso wake haukusogea. Miaka saba, hata mtoto wake hajamwambia.

"Mpe mgeni kiti," akasema.

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitanywa chai, nikinywa chai nitaongea habari za mvua. Nikaweka mkungu chini nikasema, "Mwanangu, ile miti niliiua mimi. Baba yako aliacha tawi la kupumulia kila mti. Niliyakata kwa panga, asubuhi ya sendofu, kwa sababu ya vile vitambaa vyekundu. Niliona wakwe watasema ni uganga. Halafu nikamsingizia mbele ya watu."

Alikuwa ameshika birika. Akaliweka juu ya meza ya cherehani, polepole.

"Vitambaa vyangu?" akasema. "Yale yalikuwa mabaki ya majoho ya kwaya, baba. Ya usharika wenu wenyewe. Niliwashonea mimi."

Akamgeukia baba yake. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Wangeniuliza ushahidi. Ningewapeleka mkutano mzima nyuma ya banda la kuku la mtu, na binti yake ana wiki tatu tu kwa wakwe. Habari ingefika Kilimanjaro kabla ya jioni." Akapapasa ukingo wa kofia. "Nikasema atakuja mwenyewe. Mvua zikinyesha atakuja."

"Mvua ngapi zimenyesha, baba?" binti akauliza. Hakumwuliza yeye. Aliniuliza mimi. Halafu akaingia ndani na mlango akaurudisha.

Tukabaki wawili. Nilitaka aniambie amenisamehe, nakiri. Nilikuwa nimesimama pale kama mtu anayengoja risiti. Hakusema. Akauliza, "Ile miwili nyuma ya banda, inazaa?"

"Inazaa sana."

"Umeipunguza?"

"Sijaigusa."

"Basi sasa imeshachoka. Inataka kukatwa." Akafikiri. "Jumamosi ijayo nitakuja. Mikono yangu inaona, kofia atarusha mwanangu kama atakubali kuja. Wewe waite wale wa mkutano, wote walio hai. Waambie Bwana Shamba anakata miwili ya mzee iliyobaki. Watauliza kwa nini ilibaki. Hapo utawajibu wewe, mimi nitakuwa kazini."

"Nitawajibu."

"Na uje umekula."

Kwetu mgeni husindikizwa. Binti hakutoka. Yule mzee akainuka mwenyewe, akashika ukuta, akanifuata hatua kwa hatua mpaka kwenye geti. Nilimwambia abaki, hakubaki. Pale getini akasema, "Vitambaa viliisha. Safari hii nunua wewe."

Nikapitia sokoni Kwa Mrombo. Nikanunua mita nzima ya kitambaa chekundu, kwa ajili ya matawi mawili. Mama muuzaji akaikunja, akaniuliza kwa utani, "Mzee wangu, nyekundu yote hii, unashona nini?"

"Sishoni," nikamwambia. "Ni ya kufunga kwenye tawi, ili mtu kama mimi asilikate."

Hakuelewa. Watu walikuwa wengi nyuma yangu, wanasukuma. Nikasogea pembeni, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.